Diski M Haisomi

Mikate ndiyo iliyotangulia kujua. Kwenye kibanda cha chai mbele ya jumba la Kompyuta kulikuwa na ubao ulioandikwa MIKATE MOTO YA MGONGONI. Asubuhi hiyo ubao uliamka ukisema IKATE OTO YA GONGONI. Muuzaji, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuulizwa swali gumu kuliko "sukari nyingi au kidogo?", akajikuta anaapa mbele ya wateja. "Ni ileile ya jana, ndugu zangu. Ilikuwa na kitu mbele, leo haina." Watu waliing'ata, wakaitafuna, wakaimeza, na tumboni hakikufika kitu. Ndipo neno likaanza kutembea, mdomo hadi mdomo, likinuka chai: Diski M haisomi.

Katika mji ule kila kilichopo kilikuwa kimewekwa kwenye diski. Kila mtaa na diski yake, kila diski na herufi yake, na Kompyuta ilikuwa imejengwa ndani ya ukuta mrefu unaotenga Makao, walikokaa wenye viti vya kuzunguka, na Mgongoni, walikokaa waliovitengeneza viti hivyo. Kila kulipokucha Kompyuta iliita herufi, na mtaa uliosomwa ukaamka. Usiosomwa haukufa. Kufa kuna heshima yake: kuna matanga, kuna ubwabwa, kuna watu wa kusema marehemu alikuwa mcheshi hata kama alikuwa mtu wa kununa. Asiyesomwa hapati hata sahani moja ya ubwabwa. Yupo palepale, anafagia uwanja, anakohoa, anadai kusalimiwa, ila macho ya wenziwe yakimfikia yanateleza kama mguu kwenye ganda la ndizi, yanakwenda kutua ukutani nyuma yake.

Sikudhani aliipata habari akiwa amevaa ndala moja. Alikuwa fundi wa diski, mzaliwa wa Mgongoni aliyehamishiwa Makao kwa sababu ya mikono yake. Mdomo wake uliambiwa ubaki, ukakataa. Mama yake, Bi Mwatumu, alibaki kule upande wa pili akikaanga vitumbua. Kwa hiyo Sikudhani alifika jumbani anahema, ndala ya pili mkononi, na jambo moja tu kichwani: mama yumo ndani ya M.

Mkuu wa Makao alikuwa ameshakaa. Alikuwa mtu mnene wa sauti na mwembamba wa kila kitu kingine. Kidole chake kilikuwa kikielea juu ya kitufe kama nzi anayechagua pa kutua, na mbele yake kioo cha Kompyuta kilikuwa kimeandika:

DISKI HII HAIJULIKANI. JE, UNATAKA KUIFOMATI? NDIYO. HAPANA.

"Kufomati ndiyo nini hasa?" Mkuu aliuliza, na alikuwa anajua.

"Ni kufuta kila kilichomo, Mkuu. Diski inabaki nyeupe, kama haijawahi kukaliwa."

"Nyeupe. Safi. Mbona ni jambo jema?"

"Humo ndani yumo mama yangu."

"Pole sana, binti. Nani alimtuma akae kwenye diski mbovu?" Akachungulia dirishani, kwenye mlingoti wa bendera. "Mimi si katili. Tengeneza. Kivuli cha mlingoti kikiingia chini ya mlingoti na M haijasoma, nabonyeza. Nafasi yenyewe finyu, tunahitaji pa kuweka hotuba."

Sikudhani akapiga magoti akaanza na yale ambayo kila fundi huanza nayo. Alichomoa waya, akaupuliza, akaufuta kwa upindo wa kanga, akauchomeka. Haisomi. Akauhamishia tundu jingine. Haisomi. Akaleta waya mpya. Haisomi. Akazima Kompyuta, akaiwasha, dawa ile inayotibu kila kitu kuanzia redio hadi ndoa. Mji mzima ukafumba macho ukafumbua, na kioo kikauliza palepale, kwa adabu ileile ya mhudumu anayetaka meza yako: je, unataka kuifomati?

Basi akaweka sikio juu ya diski. Diski iliyokufa ina mlio wake, unagonga ndani kama ukucha kwenye kopo tupu. Hii haikugonga. Ilikuwa inazunguka taratibu, kwa raha zake, na chini kabisa ya mzunguko, mbali kama nchi nyingine, fundi alisikia mafuta yakichemka na sauti ya mwanamke ikimfukuza kuku: "Shh! Toka, mwizi wewe!"

Ni mama. Mzima. Tena ana hasira. Yaani mzima kabisa.

Haisomi. Sikudhani aliligeuza neno ulimini kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya wali. Diski haisomi, laini haisomi, kadi haisomi. Nani alianza kusema hivi? Diski haijasoma kitu tangu itoke kiwandani; kazi yake ni kusomwa. Anayesoma ni Kompyuta. Lakini jicho limeshindwa, na lawama kimepewa kinachotazamwa. Bibi yuko mlangoni anabisha, walio ndani hawasikii: bibi habishi vizuri. Kijana kasimama mbele ya dirisha la ofisi tangu asubuhi, karani hamwoni: kijana hasomi. Na kijana mwenyewe, kwa unyonge, anarudi nyumbani anawaambia wenzake, sikusoma leo. Anakubali! Anakunywa maji, analala, anajilaumu. Je, mtu akiambiwa mara nyingi kwamba hasomi, anabaki na nini ndani? Maandishi yapo? Yanajijua kwamba yapo? Au yanaanza kujifuta yenyewe, mstari kwa mstari, ili kumpunguzia kazi mwenye kidole?

"Unaiongelesha?" Mkuu aliuliza.

"Naisikiliza."

"Kumbe ndiyo sababu haisomi, mnaidekeza. Mimi nimeshaita mwalimu."

Wala hakuwa anatania. Makao kulikuwa na desturi ya kulichukua neno kama lilivyo na kulipeleka ofisini. Diski haisomi, basi ifundishwe. Mlango ukafunguka akaingia Mwalimu Pazi, mzee mkavu mwenye chaki sikioni na fimbo kwapani, akasimama mbele ya diski akaitazama kama mwanafunzi mgeni.

"Amefika darasa la ngapi huyu?"

"Mwalimu, hii ni diski," Sikudhani alisema.

"Nimefundisha wagumu kuliko huyu, mwanangu. Wengine sasa ni viongozi." Akapiga fimbo mezani. "Haya! Ba, be, bi, bo, bu!"

Diski ikanguruma kidogo, ngurumo fupi kama ya paka aliyeguswa shingo. Sikudhani aliinua kichwa. Mwalimu hakushangaa, kwani katika maisha yake kila aliyepigiwa fimbo mezani alijibu. Cha, che, chi, cho, chu: ikanguruma. Da, de, di, do, du: ikanguruma. Walikwenda hivyo, mzee na chuma, mpaka "la, le, li, lo, lu". Kisha Mwalimu akasema, "Ma, me, mi, mo, mu," na diski ikanyamaza.

Badala yake, chini ya kiti cha Mkuu, kitu kingine kikanguruma.

"Aah," alisema Mwalimu Pazi, akaishusha fimbo. "Huyu anajua. Ila jina lake likiitwa, anaitika mwingine. Nimewahi kuwa na darasa kama hilo: watoto wawili jina moja, kila nikiita anasimama yule wa mbele. Yule wa nyuma alikaa nyuma mpaka akaacha shule."

Sikudhani akainama akachungulia chini ya kiti. Palikuwa na diski mpya inayong'aa, diski ya Makao yote, na ubavuni mwake mtu alikuwa ameandika kwa wino mzito: M.

"Hiyo niliiandika mwenyewe," Mkuu alisema kwa fahari. "Jana. Nina mwandiko mzuri."

Fundi alishika waya wa Mgongoni akaanza kuufuata kwa vidole, maana kabla hujamhamisha mtu herufi ni lazima umwone, na kabla hujamwona ni lazima uende. Waya ulipita chini ya ukuta. Akauvuta, ukawa mnene. Akaufuata tena, ukawa bomba. Akainama akaingia, ukawa njia ya vumbi yenye maganda ya machungwa, na mwisho wa njia palikuwa na uwanja uliofagiwa, jiko la mkaa, na mama yake akigeuza vitumbua kwa kijiti. Jirani yake, Bi Chausiku, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Shikaoo, aa," alisema Sikudhani. M zake zilidondoka njiani.

Bi Mwatumu alikunja uso akatazama kushoto kwake, kisha kulia. "Nani huyo? Sauti inakatikakatika kama redio ya betri kuukuu."

Sikudhani hakuitegemea sauti tena. Akanyoosha mkono akachukua kitumbua, akala ukingo wake wote kuzunguka, pale palipokauka vizuri, akalirudisha tumbo lake jeupe kwenye sinia.

"Yarabi!" Bi Mwatumu akaruka. "Sikudhani! Duniani hapa mla ukingo akaacha tumbo ni mmoja tu, na nilimchapa sana asiache." Akamshika mashavu, vidole vikizama kidogo. "Umekonda. Hapana, hujakonda. Husomi vizuri, mwanangu."

Tangu hapo mama mwenyewe ndiye aliyezibandika M pale zilipopungua, na mazungumzo yakaenda.

"Ninyi ndio hamsomi, mama. Makao nzima inalia."

"Inalia sisi, au inalia mikate?"

"Mikate."

"Nilijua!" Bi Chausiku alicheka, akakuna nazi kwa nguvu zaidi. "Sisi tumeamka, tumekunywa chai, tumegombana na tumeshapatana. Nyie ndio mmepotea. Tangu jana nikitazama huko naona ukuta. Nilitaka tuwaletee mwalimu awafundishe kusoma, mama yako akasema ninyi hamfundishiki."

Ukutani, upande wao, Kompyuta ilikuwa na kioo cha pili. Kioo kiliwaka. DISKI HII HAIJULIKANI. JE, UNATAKA KUIFOMATI? Bi Mwatumu aliinuka kama mtu anayekwenda kumzimia mtoto taa, akajifuta mafuta kwenye kanga, akabonyeza Hapana, akarudi kwenye vitumbua. Sikudhani aliona kitufe cha Hapana kimelika mpaka maandishi hayapo. Cha Ndiyo kilikuwa kipya, kina vumbi.

"Inauliza hivyo kila mara?"

"Kila mara. Haichoki, chuma hiki. Wenzangu wanataka nibonyeze Ndiyo tupate pa kuanikia nguo. Nawaambia mwanangu yumo humo."

"Na nisingekuwemo?"

Bi Mwatumu aligeuza kitumbua, akakigeuza tena, na kilikuwa kimeshaiva pande zote. Mafuta yaliendelea kuongea peke yao.

"M ni yetu," alisema baadaye, kana kwamba ndilo swali aliloulizwa. "Tulikuwa nayo kabla ya huo ukuta. Mama, mchele, mwiko, moto, ungetaja nini bila hiyo? Huyo bwana wenu alikuja hapa anaitwa Kuu. Kuu, basi. Akaona haimjazi kinywa, akachukua M akajibandika mbele. Hata mwizi ana nafuu, mwizi anaondoka na kitu ukajua umeibiwa. Yeye alikaa nayo kule na sisi tukakaa nayo huku, tukadhani tunasalimiana."

"Kompyuta haiwezi kusoma wawili herufi moja, mama. Lazima mmoja aachie."

"Basi mwambie aachie."

"Hataachia."

"Najua," alisema Bi Mwatumu, akamtazama kwa muda, pale alipokuwa anaonekana na pale alipokuwa hakuna kitu. "Kula basi na tumbo la kitumbua, leo tu."

Hakula. Kivuli kilikuwa kinakimbia.

Aliporudi jumbani, kivuli cha mlingoti kilikuwa kimebaki kifupi kama kidole. Akamweleza Mkuu, taratibu, kwa lugha ambayo hata kiti kingeielewa: diski si mbovu, ni herufi moja diski mbili. "Q na X hazina mwenyewe. Chukua mojawapo. Ni kubonyeza mara moja."

"Mimi niwe Xkuu?" Mkuu alisema.

Mwalimu Pazi alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Wape wao hiyo X," Mkuu akaendelea. "Watazoea. Watu wa kule ni hodari wa kuzoea."

"Na mama yangu aitwe xaxa? Nani atamtamka? Hakuna neno letu hata moja linalokaa humo, Mkuu. Ni nyumba isiyo na mlango."

"Basi sina la kuwasaidia." Kidole kikarudi juu ya Ndiyo. Akageuza shingo dirishani kusubiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, hasa ahadi za aina ile.

Sikudhani alizunguka nyuma ya Kompyuta. Huko Mkuu hakuwahi kuchungulia, kuna vumbi. Kulikuwa na kibodi ya mafundi, na kioo kidogo kama kiganja, na juu yake jina la diski ya Makao, na chini ya jina, maneno mawili: ONDOA HERUFI.

Mmoja lazima akae gizani. Hilo halina fundi. Nikiondoa, Makao haitasomwa: Mkuu, sawa, simlilii. Na muuzaji wa chai? Na huyu mzee wa chaki, amekosa nini? Na mimi. Mimi pia nimeandikwa humu, tangu waliponihamisha. Tutazunguka gizani, tutakohoa, tutadai kusalimiwa. Siui mtu. Siui? Giza si kifo. Ndivyo anavyojiambia kila mwenye kidole. Lakini mbele ya giza lolote kuna kioo kinachouliza, na mbele ya kioo kuna mtu, na mtu yule ana kidole, na kidole kina mazoea yake. Huyu wa hapa hajawahi kubonyeza Hapana hata kwa bahati mbaya. Yule wa kule amebonyeza mpaka kitufe kikalika. Amebonyeza kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Makao, na nilipomuuliza aligeuza kitumbua. Siijui huruma yake inaishia wapi. Najua tu inapoanzia. Kama ni lazima niwe chini ya kidole cha mtu...

Nje, kivuli kikaingia chini ya mlingoti.

JE, UNA UHAKIKA? kioo kidogo kikauliza.

Hakuwa na uhakika. Akabonyeza.

Kidole cha Mkuu kilishuka kwenye Ndiyo na kukuta kitufe hakipo, kwani upande ule hapakuwa na cha kubonyezwa tena. "Ii ni kuu!" alipiga kelele. "Ii ni kuu!" Sauti ile nene, ambayo ndiyo pekee aliyokuwa nayo, ikatoka ikarudi bila kumpata msikilizaji, ikamkalia mapajani. Mwalimu Pazi, alipopoteza M, akawa walimu: kundi zima la wazee wakavu wakatazamana, kila mmoja akamtoa mwenzake makosa. Pale nje muuzaji wa chai akawa uuzaji. Vikombe vikajaa vikaisha vikajaa, na hapakuwa na mkono. Kisha vyote vikaanza kufifia, kuanzia pembeni kuelekea kati, kama shuka inayokunjwa.

Fundi ni neno lisilo na M, ndiyo maana Sikudhani alichelewa kidogo kufifia. Alipata wasaa wa kuingia chini ya ukuta, bomba, njia, maganda ya machungwa. Aliona ubao wa duka la Mgongoni ukinyooka: MCHELE. MAFUTA. MKAA. Alisikia watu wakiitana kwa sauti kamili, na kutoka mitaa yote mingine mji ukiwaitikia, kwa mara ya kwanza tangu jana. Alifurahi. Furaha yenyewe haikuwa na pa kukaa, kwa sababu alipojitazama mikono aliona njia, na alipotazama miguu aliona njia.

"Hodi," alisema uwanjani.

Bi Mwatumu hakugeuka.

"Hodi, mama."

Kuku alipita katikati yake, akadonoa, akaendelea.

"Ni mimi tu, mama. Ni mimi tu."

Kati ya maneno yote, ni lile la mwisho ndilo lililofika. Bi Mwatumu aliacha kijiti hewani. "Tu?" alisema. "Tu nani?"

"Unaongea na nani?" Bi Chausiku aliuliza. "Hakuna mtu hapo." Na alikuwa amesimama, maana kioo cha ukutani kilikuwa kimewaka, na watu wa Mgongoni walikuwa wanakusanyika mbele yake wakiwa na nguvu mpya, wamesomwa, wamenawiri, wanatazama nafasi. Kioo sasa hakikusema haijulikani. Kilisema: DISKI HII HAINA HERUFI. JE, UNATAKA KUIFOMATI?

"Haina hata herufi!" Bi Chausiku alisema. "Bi Mwatumu, shoga yangu, mimi nilikuvumilia. Wakati ule ulikuwa unamwona mwanao vipandevipande, haya. Sasa huko kumebaki nini? Walitaka kutufuta wale. Wewe mwenyewe sema. Kuna mtu?"

Bi Mwatumu aliinuka. Alijifuta kidole kwenye kanga, kimoja, polepole, huku watu wakimpisha njia. Alisimama mbele ya vile vitufe viwili, kilicholika na kipya, na kwa mara ya kwanza kidole chake hakikwenda moja kwa moja. Kilikaa hewani. Kilielea. Mtu aliyekuwa amesimama karibu naye angesema kinachagua pa kutua.

Ndipo akageuza shingo akatazama sinia. Juu ya vitumbua vyote vilivyoiva palikuwa na kimoja kilicholiwa ukingo kuzunguka, na tumbo lake jeupe lilikuwa limeng'atwa, mara moja, kwa shida, na mtu asiyelipenda.

"Kuna mtu?" Bi Chausiku alirudia.

"Kuna tu," alisema Bi Mwatumu, akabonyeza Hapana.